Foromali Isiyopakwa Chokaa: Kunoa Video Bila Chenga wala Pindo

Nahodha aliinama juu ya kompyuta yangu, akalitazama jahazi lake likipita mkondo ulio kati ya kisiwa cha Kiwayu na bara ya Mkokoni, kisha akaweka kidole kwenye kioo. “Mwanangu,” akasema, “foromali yangu mimi sikuipaka chokaa.”

Alisema kweli. Pale mti mweusi wa foromali, ule unaobeba tanga, ulipokutana na anga nyeupe ya saa sita mchana palikuwa na mstari mweupe mwembamba, umeuandama mti toka ncha hadi ncha kama pindo la leso. Mkondoni haukuwapo. Nilikuwa nimeutia mimi usiku wake, niliposogeza kitufe cha kunoa picha hadi nikaziona nyuzi za tanga. Na juu angani, ambako mchana ule palikuwa shwari, palijaa punje zinazochezacheza, zile tulizozoea kuziita chenga tangu enzi za televisheni za antena.

Nilimwomba radhi, kisha nikakaa siku kadhaa nikijiuliza hasa nilikuwa nimefanya nini. Pindo na chenga huonekana kama makosa mawili yasiyohusiana, na wahariri wengi huyatibu kila moja kivyake. Shina lao ni moja. Kichujio cha kunoa hakijui ukingo wa mti ni upi na punje ya chenga ni ipi. Kinajua tu kwamba pikseli hii inatofautiana na jirani zake, na kila tofauti kinayoikuta huikuza. Ufundi wote uliobaki ni wa kukionyesha tofauti ipi ikuzwe na ipi iachwe.

Neno lenyewe linatupoteza kidogo. Kisu ukikinoa kwenye kinoo, chuma kinalika na makali yanayotokea ni makali kweli. Video hainolewi hivyo. Hakuna uzi hata mmoja wa tanga unaoongezeka ambao lenzi haikuuona. Kinachofanyika ni kuzidisha tofauti ya mwanga penye kingo, na jicho linadanganyika vizuri. Mbinu hii ni ya zamani kuliko kompyuta: mafundi wa vyumba vya giza walitengeneza nakala hafifu ya picha, yenye ukungu, wakailaza pamoja na negativu ya asili na kuzichapa zote mbili kwa mpigo mmoja. Kompyuta inafanya jambo lilelile kwa hesabu. Inachukua fremu, inatengeneza nakala yake yenye ukungu, inatoa nakala hiyo kwenye fremu ya asili, na tofauti inayobaki inaijumlisha kwenye fremu.

Tuitazame hesabu hiyo kwa karibu, maana humo ndimo siri ilimo. Mwanga wa kila pikseli hupimwa kuanzia 0, giza tupu, hadi 255, weupe mtupu. Chukua pikseli sita zinazotoka angani na kuingia kwenye foromali: 200, 200, 170, 90, 60, 60. Mbili za mwanzo ni anga, mbili za mwisho ni mti, na zile za kati ni mteremko, kwa sababu hakuna lenzi inayokata ukingo kama wembe. Ukungu wetu uwe mwepesi kabisa: kila pikseli ichukue wastani wake na wa jirani zake wawili. Pikseli ya 170 inapata wastani wa 153. Tofauti ni 17, ukiijumlisha unapata 187. Pikseli ya 90 inapata wastani wa 107, tofauti ni 17 kwenda chini, na pikseli inakuwa 73. Mteremko uliokuwa wa 170 hadi 90 sasa ni wa 187 hadi 73. Umesimama zaidi, na mtazamaji anasema picha imekolea.

Hadi hapo ni faida tupu. Sasa angalia pikseli ya pili, ile ya anga iliyopakana na mteremko. Ilikuwa 200, wastani wake ni 190, kwa hiyo inapanda hadi 210. Na ile ya tano, ya mti, inashuka kutoka 60 hadi 50. Katika mstari ule hapakuwa na anga ya 210 wala mti wa 50. Hilo ndilo pindo: weupe uliozidi upande wa anga, na weusi uliozidi upande wa mti. Nilipozidisha nguvu mara tatu, kama nilivyofanya usiku ule, pikseli ya anga ilifika 230 na ya mti ikashuka hadi 30. Hapo ndipo chokaa ilipotoka.

Chenga nayo? Chukua anga shwari ya 200 yenye punje moja ya 206. Wastani wake na jirani zake ni 202, inapanda hadi 210, na jirani zake zinashuka hadi 198. Tofauti iliyokuwa 6, ambayo hakuna aliyeiona, imekuwa 12. Kichujio kile kile, hesabu ile ile.

Ukiisha kuelewa hivyo, dawa zinajieleza zenyewe. Ya kwanza ni kizingiti: kiambie kichujio kipuuze tofauti iliyo chini ya kiwango fulani. Katika mfano wetu ukingo una tofauti ya 17 na punje ina tofauti ya 4. Weka kizingiti kwenye 6, punje inaachwa na mteremko unanolewa. Ya pili ni kupunguza upana wa ukungu. Ukungu wa pikseli moja hutoa pindo la pikseli moja, ambalo kwenye video ya pikseli 1920 kwa 1080 halisumbui mtu. Ukungu wa pikseli tano hutoa pindo linaloonekana na aliyekaa mwisho wa sebule.

Ya tatu ndiyo niipendayo, na nashangaa kuona wengi hawaijui. Iwekee kila pikseli mpaka: baada ya kunolewa isiwe nyeupe kuliko jirani yake mweupe kabisa wa asili, wala nyeusi kuliko jirani yake mweusi kabisa. Rudi kwenye foromali. Ile 210 inarudishwa 200, ile 50 inarudishwa 60, lakini 187 na 73 zinabaki kwa kuwa zimo ndani ya mpaka. Mstari wetu unakuwa 200, 200, 187, 73, 60, 60. Ukingo umesimama na pindo hakuna. Kwa macho yangu, mpaka mkali kabisa huipa picha sura ya plastiki, kwa hiyo naulegeza kidogo, hasa upande wa giza. Jicho husamehe weusi uliozidi kuliko weupe.

Jicho lenyewe, kwa kweli, linashona mapindo yake. Ernst Mach alilieleza jambo hilo mwaka 1865: penye mpaka wa kijivu hafifu na kijivu kizito tunaona mstari mweupe upande mmoja na mweusi upande wa pili, hata kama karatasi haina mistari. Ndiyo maana mhariri aliyekaa saa tatu mbele ya kioo si wa kuaminiwa. Toka nje, tembea ufukweni, kisha rudi utazame upya.

Kizingiti hufanya kazi pale chenga ni ndogo kuliko kingo. Jioni hali hubadilika. Jua likishuka nyuma ya mikoko upande wa bara, kamera inakuza mwanga kidogo iliyoupata, na chenga inakuwa na ukubwa uleule wa tofauti kati ya jani na jani. Hapo kizingiti hakiwezi kuchagua. Inabidi chenga isafishwe kwanza, ndipo picha inolewe; ukianza na kunoa, utakuwa umeikomaza chenga kisha unaomba isafishwe. Na video ina msaada ambao picha mnato haina, nao ni fremu inayofuata. Chenga hubahatisha, kila fremu na yake, lakini mkoko ni uleule. Ukichukua wastani wa fremu 4, chenga inabaki nusu. Fremu 16, inabaki robo. Masharti ni kwamba kitu kitulie. Mawimbi hayatulii, na programu isiyofuatilia mwendo itayalainisha yakawa kama karatasi ya nailoni. Kwa hiyo mimi husafisha mikoko na mchanga kwa nguvu, na bahari naigusa kwa uchache.

Rangi usiinoe. Video nyingi tunazopiga huhifadhi mwanga wa kila pikseli, lakini rangi hugawiwa kila kikundi cha pikseli nne. Ukinoa rangi unanoa makadirio, na unachovuna ni madoadoa mekundu na ya buluu. Walioandika kichujio cha kunoa cha programu ya bure ya FFmpeg walilijua hilo: usipokiambia lolote, hunoa mwanga kwa nguvu ya 1 na rangi kwa nguvu ya 0.

Yote haya ni mepesi ukiyalinganisha na kazi iliyonifundisha zaidi, ya kasa. Kiwayu imo katika Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, iliyotangazwa mwaka 1979, na fukwe zake zinazotazama bahari kuu ni za kasa kutagia. Kasa hutaga usiku, na taa nyeupe humtia hofu akarudi majini kabla ya kutaga. Kwa hiyo aliye na adabu humpiga picha kwa mwanga hafifu wa taa nyekundu, tena kwa mbali.

Hapo ndipo fizikia ya kamera inapotubana. Juu ya pikseli za kamera nyingi kuna vioo vidogo vya rangi, kwa mpangilio aliousajili Bryce Bayer wa Kodak mwaka 1976: nusu kijani, robo nyekundu, robo buluu. Kwa taa nyekundu, robo tatu za pikseli karibu hazioni kitu, na kamera inakisia. Isitoshe, katika hesabu ya kawaida ya video za kiwango cha HD, nyekundu inachangia asilimia 21 tu ya mwanga wa picha. Ukinoa mwanga huo unanoa makisio yaliyojaa chenga.

Njia iliyonisaidia ni hii. Piga kwa pikseli 3840 kwa 2160. Chukua mkondo wa nyekundu peke yake, uugeuze kuwa picha ya kijivu, kisha uipunguze hadi 1920 kwa 1080. Hupotezi kitu kikubwa, kwa kuwa pikseli nyekundu za kweli zilikuwa idadi hiyo hiyo tangu mwanzo. Safisha kwa wastani wa fremu, maana kasa anayetaga hutulia. Kisha noa kwa mkono mwepesi, ndani ya mpaka. Na kabla ya yote, futa lenzi kwa kitambaa kikavu: pepo za kusi hutandaza chumvi juu ya kioo, na ukungu wa chumvi hakuna kichujio kinachoutoa vizuri.

Kwa nini nijisumbue hivyo kwa mnyama anayejulikana? Kasa wa kijani ana jozi moja ya magamba kati ya macho na pua. Ng'amba ana jozi mbili. Watafiti pia humtambua kasa mmojammoja kwa mpangilio wa magamba ya shavuni. Mstari mwembamba kati ya gamba na gamba ndio ushahidi wote, nao una upana wa pikseli mbili au tatu, sawasawa na upana wa pindo. Nimeona fremu iliyonolewa kwa pupa ambamo gamba moja lilionekana limepasuka mawili. Mstari huo haukuwa wa kasa. Ulikuwa wa kichujio.

Foromali ya nahodha niliihariri upya, akairidhia. Kwa kasa nawaomba wenzangu mnaopiga video pwani jambo moja: faili la asili lisifutwe wala lisiandikwe juu yake, na magamba yahesabiwe kwenye hilo la asili, kabla ya kunoa.