Fahamu: Imani ya Jane Goodall na mateso ya Gombe

Jane Goodall, mtafiti wa sokwe mtu aliyefariki Oktoba 1, 2025 akiwa na miaka 91, alifika Gombe, kaskazini mwa Kigoma, Julai 1960. Katika miaka ya 1970 utafiti wake ulishuhudia sokwe mtu wakiua na kula watoto wa wenzao, na pia vita vilivyoangamiza kundi zima. Mwaka 1980 saratani ikamchukua mumewe, Derek Bryceson. Hata hivyo aliendelea kuamini nguvu kuu ya kiroho, aliyoihisi zaidi msituni.

Nyama aliiacha baada ya kusoma habari za ufugaji wa viwandani. Baadaye akaacha maziwa na mayai. Kwangu, hilo ni jibu la muumini mkweli kwa mateso ya viumbe: punguza mateso unayoyaweza. Mvuvi wa Ujiji anayeishi kwa dagaa hahukumiwi hapa. Anayetaka kujaribu kuacha nyama, ugali wa muhogo na maharage ya mawese vinatosha kuanzia.