Akiba ya Nguvu Ndani ya Daraja

Seremala hodari aundapo kitanda hapimi uzito wa baba na mama peke yao. Ajua kwamba watoto watakirukia, na kwamba ubao huenda una ufa usioonekana. Kwa hiyo hukipa nguvu kupita haja ya kila siku. Wahandisi wa madaraja nao hufanya vivyo hivyo, na akiba hiyo huiita kipimo cha usalama.

Katika kanuni zitumikazo Ulaya, uzito wa magari yanayotazamiwa huzidishwa kwa 1.35, hata tani 100 zikahesabiwa kuwa tani 135. Kisha nguvu ya zege hugawanywa kwa 1.5, na ya nondo kwa 1.15. Akiba hiyo si zawadi kwa mwenye lori apakiaye kupita kiasi. Imewekwa kwa ajili ya mambo asiyoweza mtaalamu kuyajua kwa hakika, kama vile zege isiyochanganywa sawasawa.

Hata hivyo, akiba ya uzito haikingi kila hatari. Mwaka 1831, huko Broughton, Uingereza, daraja la kuning'inia lilivunjika chini ya askari wapatao 74 waliokuwa wakienda kwa hatua moja. Lililowashinda wajenzi halikuwa uzito wa askari tu, bali pia mtikisiko wa miguu yao. Ndiyo sababu majeshi huwaamuru askari waache kulinganisha hatua wavukapo daraja.

Hatari nyingine ni maji. Mfereji wa Nakivubo hupokea maji ya mvua ya katikati ya Kampala na kuyapeleka kwenye kinamasi kando ya Ziwa Viktoria. Barabara za mji huuvuka. Takataka zitupwazo humo huziba njia chini ya madaraja. Maji hupanda, husukuma, na kuchimba udongo wa misingi. Udongo ukiondoka, nguvu ya zege haina pa kusimama. Mwezi Mei 2023 mafuriko ya mto Katonga yaliikata barabara kuu ya Kampala na Masaka, na magari yakalazimika kuzunguka kupitia Gomba na Sembabule.

Basi mhandisi afanye hesabu, polisi wazuie mizigo iliyozidi, na kila nyumba itunze takataka zake zisifike mferejini. Usione vyaelea, vimeundwa. Na vilivyoundwa havina budi kutunzwa.