Nyungu ya Moto, Pua ya Baridi

Chuma jani lililokomaa la mkaratusi, uliinue kwenye jua. Utaona vidoadoa vinavyopitisha mwanga, kama jani limedungwa kwa ncha ya sindano. Hivyo ni vifuko vya mafuta. Lifikiche, harufu ikupande mpaka utosini.

Katika mikaratusi inayosifika kwa dawa, sehemu kubwa ya mafuta hayo ni sineoli. Ikiwa peke yake huchemka kwenye nyuzijoto 176, lakini ndani ya nyungu hubebwa na mvuke wa maji mapema kabla ya hapo. Bibi aliyefunika nyungu kwa jani la mgomba na kukataza watu kuchungulia alijua alifanyalo: kila ukifunua, dawa inakwenda zake. (Mkaratusi unaonukia limau ni habari nyingine, huo afadhali uufukuzie mbu.)

Sasa umejifunika blanketi, jasho linakutiririka, na katikati ya joto lote lile pua inasikia ubaridi. Ajabu hiyo ina maelezo. Kwenye ncha za mishipa ya fahamu kuna kipokezi kiitwacho TRPM8, ambacho huuarifu ubongo kwamba kuna baridi. Kilitambuliwa mwaka 2002 na David Julius na Ardem Patapoutian, kila mmoja na kundi lake. Mwaka 2021 wakagawana Tuzo ya Nobel. Sineoli hukiamsha kipokezi hicho, na mentoli ya mnanaa hukiamsha zaidi. Ubongo hudhani hewa baridi inapita tele. Watu walionusishwa mentoli walisema pua zimezibuka, ilhali vipimo vya hewa inayopita puani vilikuwa vilevile.

Mimi kupiga nyungu sikuiti utapeli. Aliyekesha kwa mafua akapata usingizi usiku mmoja, amepata kitu. Ila virusi haviondoki, na mwaka 2020, kupiga nyungu kulipovuma Tanzania kwa ajili ya korona, wengi walichanganya nafuu na uponyaji.

Kinachonitisha ni sufuria kuliko jani. Ipua kwanza, iweke chini pasipoyumba, na mtoto asiingie humo blanketini. Maji yakimwagika hana pa kukimbilia. Mafuta ya chupani hayanywewi: hata kiasi kidogo kinaweza kumtia mtoto degedege. Mwenye pumu anaweza kubanwa na harufu ileile inayomfariji jirani yake. Na kikohozi kilichofikisha wiki mbili kipelekwe zahanati, makohozi yapimwe kifua kikuu.