Mpangaji wa Mji na Kiwanja cha Mirathi

Vijana wetu wanapoulizwa wanataka kuwa nani, udaktari hutajwa, uhandisi hutajwa, urubani hutajwa. Ni nadra kumsikia mtoto wa Shela au wa Maweni akisema anataka kuwa mpangaji wa miji. Wazazi nao wengi hawaijui kazi hiyo. Wanamjua mpimaji, kwa kuwa huja na chombo chake cha miguu mitatu na kutia mawe ya mipaka, wanamjua fundi, wanamjua mwakilishi wa wadi. Mpangaji hawamjui mpaka siku ile mtu anapotumwa na ofisi, akapaka alama nyekundu ya msalaba katika ukuta wa nyumba iliyokwisha ezekwa.

Ndugu wasomaji, na hasa kina mama ambao ndio wenye ukurasa huu, tumeona wiki hii tuizungumze kazi hiyo, kwa kuwa inagusa mlango wa kila nyumba ya Malindi na Kilifi, na inagusa haki za mirathi kuliko wengi wetu wanavyodhani.

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi serikali za kaunti kazi ya kupanga ardhi na maendeleo, na mavani pia imeyataja miongoni mwa majukumu yao. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011 ndiyo iliyoweka msingi wa manispaa na bodi zake; na Sheria ya Upangaji wa Matumizi ya Ardhi ya 2019 ndiyo ambayo mpangaji hufungua kila asubuhi anapoketi kitini. Mezani pake hukuta maombi: huyu ataka kuigeuza nyumba ya kuishi kuwa ya wageni, yule ataka kugawa kiwanja, mwengine ataka kujenga ghorofa ya tatu juu ya msingi uliowekewa moja. Kila ombi hupelekwa kwa wenzake wa afya, wa maji, wa barabara na wa mazingira, nao hutoa maoni yao. Kisha mpangaji hutoka akaenda mahali penyewe, kwani karatasi huweza kuonyesha njia ya futi ishirini mahali ambapo kwa hakika jirani ameshapanda minazi. Baada ya hayo ndipo ruhusa hutolewa au hukataliwa. Hiyo ndiyo sehemu ndogo ya kazi. Sehemu kubwa ni kuutazama mji wote na kuuliza watu watakaozaliwa miaka ishirini ijayo watapita wapi, watachota maji wapi, watasomea wapi na watazikwa wapi.

Kazi hii si ngeni kwa Waislamu. Wanahistoria, akiwemo Tabari, wamesimulia jinsi mji wa Kufa ulivyopangwa katika ukhalifa wa Sayyidna Umar (r.a.): njia kuu zilipewa upana wa dhiraa 40, zinazofuata 30, kisha 20, na vichochoro dhiraa 7. Na imepokewa katika Bukhari na Muslim, kutoka kwa Abu Huraira (r.a.), kwamba Mtume (s.a.w.) alihukumu watu wanapogombana juu ya njia iachwe dhiraa saba. Karne nyingi baadaye, katika karne ya 14, alikuwepo Tunis fundi mwashi akiitwa Ibn al-Rami. Kadhi alikuwa akimtuma kukagua kuta zilizoinama, madirisha yanayochungulia nyumba za watu na mifereji inayomwagikia kwa jirani, naye akatunga kitabu kizima cha hukumu za majengo. Sisi tuliosoma fikihi tukaishia katika milango ya tohara na nikahi tungefaidika sana kuufungua mlango huo.

Sasa tuje katika kiwanja cha mirathi, kwani hapo ndipo penye uzito.

Tuchukue mfano wa marehemu aliyeacha mke, watoto wawili wa kiume na mabinti watatu, na mali yake yote ikawa ni kiwanja kimoja cha futi 50 kwa 100, kama vilivyo viwanja vingi vya miji yetu. Hesabu yake ni nyepesi. Mke ana thumni. Saba juu ya nane inayobaki hugawanywa mafungu saba, kila mwana apate mawili na kila binti moja. Kwa hiyo kiwanja chote kimekuwa mafungu manane: mke moja, kila binti moja, kila mwana mawili. Kiwanja kina futi za mraba 5,000, basi fungu moja ni 625. Kadhi amemaliza kazi yake, na mahakama yake inatambuliwa na Ibara ya 170 ya Katiba. Hakuna wa kumlaumu.

Shida huanza siku ya pili, kamba inapotandazwa. Wanaume hujikatia mbele, panapopakana na barabara, kwa kisingizio kwamba wao ndio watakaojenga. Mama na mabinti huonyeshwa nyuma. Fungu la binti limetimia kwa hesabu, futi 625 kamili, lakini hana pa kupitia ila uani kwa kaka yake. Maadamu kaka yu hai na roho zao ni safi, atapita. Kaka akifa, au akiuza, mnunuzi atajenga ukuta, na yule binti atakuwa na ardhi asiyoweza kuifikia. Siku ya msiba jeneza litapitishwa juu ya ukuta. Haya tumeyaona kwa macho, si mara moja wala mbili.

Mpangaji angeliuliza swali moja tu kabla ya kamba kutandazwa: njia iko wapi? Tukiacha zile dhiraa saba ubavuni mwa kiwanja, yaani futi kumi na nusu kwa urefu wa futi 100, tumetoa futi 1,050. Zimebaki 3,950, na thumni yake ni kama 494. Kila mmoja amepungukiwa kwa kadiri ya fungu lake, na kila mmoja ana mlango unaotazama njia. Mtu akisema kwamba hilo ni kupunguza haki ya warithi, tutamjibu kwamba ardhi isiyofikika thamani yake imeshapungua zaidi ya hapo.

Lakini mpangaji mwenye ujuzi hataishia hapo. Atakuonyesha kwamba kila thumni sasa ni ukanda wenye upana wa futi 12 na nusu, na ukanda huo ukishatoa choo, karo na nafasi ya hewa haubaki na nyumba ya kuitwa nyumba. Huenda akakataa kuugawa, na watu watasema serikali inaingilia mirathi. Hakuingilia. Fungu la kila mrithi lipo pale pale. Alichokataa ni kuikata ardhi vipande. Fikihi yetu ina njia za hali hii. Warithi waweza kubaki washirika katika mali isiyogawanywa, wakajenga kwenda juu na kugawana vyumba au kodi kwa mafungu yao. Au wakafanya takharuji, mmoja akawalipa wenzake kwa ridhaa na kubaki na kiwanja. Kinachodhuru ni ile desturi ya kukatana kwa karatasi iliyoandikwa kwa mkono mbele ya wazee wawili, bila ya mpangaji wala mpimaji. Hati miliki hubaki katika jina la marehemu miaka thelathini, na vijukuu hawawezi kuuza, kukopa wala kujenga kwa ruhusa.

Pwani yetu ina historia yake katika jambo hili. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye madai katika ukanda wa pwani wajitokeze wayaandikishe. Ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Wengi hawakujua, au walijua hawakwenda. Matokeo yake ni watu wanaoishi mahali kwa vizazi bila ya hati, na ile ajabu ya Mombasa na ya huku kwetu ya mtu kumiliki nyumba na mwengine akamiliki ardhi iliyo chini yake. Mpangaji wa leo hukuta fundo hilo limeshafungwa kabla hajazaliwa, naye hulaumiwa kwa kutolifungua.

Kisha kuna maji. Ardhi yetu ni ya matumbawe, ina matundu kama sifongo, na kinachoingia chooni hakikai chooni. Wataalamu wengi hutaka kisima kiwe mbali na choo cha shimo kwa mita 30 hivi. Katika mtaa ambao viwanja vimekatwa futi 25 kwa 25, mita 30 ni kuvuka nyumba nne. Mama anayechota maji hapo akawapikia wanawe hana habari kwamba maradhi ya tumbo yalianzia katika kamba ya warithi. Waliojenga Gede, mji uliohamwa katika karne ya 17 na ulioingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2024, waliacha misikiti, visima, vyoo na mifereji ambayo mpaka leo mgeni huonyeshwa. Tungependa kila mpangaji mpya apelekwe pale kabla hajapewa muhuri.

Na yako mambo ambayo mgeni kutoka bara hatayajua asipoambiwa. Huku kwetu Kibla kiko kaskazini karibu sawasawa, kwa kuwa Malindi na Makka zimo takriban katika mstari mmoja wa longitudo. Kwa hiyo makaburi yetu hulala mashariki kwa magharibi, na kipande chembamba kilichotengwa kwa mavani bila ya kuzingatia hilo hupoteza nafasi nyingi. Vyoo navyo hatupendi vielekee kaskazini wala kusini. Mpangaji aliyelelewa hapa huyajua haya bila ya kitabu.

Ndiyo sababu tunataka mabinti zetu waisome kazi hii. Chuo Kikuu cha Nairobi kimefundisha upangaji wa miji tangu 1971, na vyuo vingine vimefuata. Jiografia na hesabu ndizo nguzo zake. Ni kazi yenye mitihani, tusifiche. Mtu wa kwetu akikaa katika kiti kile, wa kwanza kumjaribu si tajiri wa hoteli bali ni mjomba wake anayetaka ukuta wake uachwe barabarani. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilieleza jinsi ardhi ya umma ilivyogawanywa kinyume cha sheria nchini kote, na nyuma ya kila ugawaji kama huo palikuwa na mtu aliyetia saini.

Hata asiyesoma kazi hiyo ana nafasi yake. Sheria ya 2019 inataka rasimu ya mpango itangazwe na wananchi watoe maoni. Mikutano mingi tuliyoihudhuria iliitishwa saa tano asubuhi, kina mama wakiwa jikoni au sokoni, na waliokuja walikuwa wanaume waliozungumza habari za barabara za magari. Mama karanga anayejua ni njia ipi ya kwendea pwani iliyozibwa na ukuta, na sasa azunguka na ndoo yake ya samaki, hakuwepo. Zanzibar, katika mpango waliouita Ng'ambo Tuitakayo, idara ya mipango ilianza kwa kuwauliza wakazi ni mahali gani wanapopathamini. Huku pia kina mama waweza kuiandikia manispaa kwa jina la kikundi chao, wakaomba mkutano uwekwe baada ya Alasiri na ufanyiwe madrasani.

Mwenye kuona kwamba ruhusa iliyotolewa kwa jirani itamdhuru, au ombi lake limekataliwa bila ya haki, ana siku 14 tangu uamuzi kutolewa kupeleka rufaa katika kamati ya usuluhishi ya mipango ya kaunti. Aende na nakala ya hati au barua ya ugawaji, hukumu ya Kadhi ikiwa ni mirathi, na barua ya uamuzi anaoupinga. Akikabidhi, adai nakala yake igongwe muhuri wa kupokewa wenye tarehe, kwani siku hizo 14 huhesabiwa kwa tarehe hiyo.