Mzigo wa skauti mdogo: anzeni na mizani

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mtu mzima akimfungia mtoto shanta haoni uzito wake. Atakayeuona ni mtoto mwenyewe, akirudi kutoka maporomoko ya Sheldrick kule Shimba Hills, ambako sehemu kubwa ya njia ni kupanda.

Viongozi wengi wa skauti huweka kiwango: mzigo wote, maji yakiwamo, usizidi kama sehemu moja ya tano ya uzito wa mtoto. Kwa aliye na kilo 40, hizo ni kilo 8. Lita moja ya maji ina kilo moja. Akibeba lita 3, na kwa joto letu si nyingi, zimebaki kilo 5 za chakula, nguo, malazi na shanta lenyewe. Sasa mpe lile shanta la turubai alilorithi kwa kakake, ambalo huenda likapita kilo 2 likiwa tupu. Hesabu imeharibika na safari haijaanza.

Kwa hivyo, wiki moja kabla, kila mtoto alete vitu vyake, vimwagwe mkekani, vipimwe kimoja kimoja. Mizani ya dukani yatosha. Mwulizeni: hiki utakitumia kila siku? Mwenzio hanacho? Kisha mwacheni apunguze mwenyewe. Vikitolewa na mwalimu, safari ijayo atavirudisha vyote.

Sisi wa Pwani tuna nafuu. Blanketi zito la nini Kwale? Leso moja utajifunika usiku, utajifutia maji na kujikinga jua. Chandarua hakiachwi. Makopo yaacheni: mtoto anabeba bati na maji. Mchele, tende, njugu na ng'onda hushibisha kwa uzito mdogo. Sufuria moja yatosha watoto wanne, na hema ligawanywe, huyu abebe turubai, yule vigingi.

Katika kufunga, vizito vikae karibu na mgongo, usawa wa mabega, visining'inie nyuma. Shanta likiwa na mkanda wa kiunoni, ukazwe, nyonga zibebe sehemu ya mzigo.

Lakini wepesi una mpaka wake. Wako wanaojisifu kwamba vijana wao hutembea na chupa moja tu ya maji. Huo ni uzembe, na mtoto akizimia juani hakuna sifa. Maji, dawa za huduma ya kwanza, tochi na koti la mvua havipunguzwi, wala ndara si viatu vya safari.

Siku chache kabla ya kuondoka, tembeeni kilomita 4 au 5 mtaani na mashanta yaliyojaa, muone nani anainama na mkanda upi unakata bega. Mkirudi safari, mwageni vitu tena mkekani. Ambavyo havikuguswa vitengwe kando, isipokuwa dawa na koti la mvua.