Ufuge ndege gani wa nyama bila kugombana na jirani?

Katika kipindi chetu cha asubuhi tulipokea ujumbe wa msikilizaji anayeishi kwenye nyumba zilizobanana karibu na senta. Ana majogoo watatu. Jirani yake ni mlinzi wa usiku, analala alfajiri, na sasa shauri limefika kwa mwenyekiti wa kitongoji. Anauliza afuge nini kisicho na kelele, maana kuacha hawezi: kuku ndio ada ya mtoto.

Tuanze na jogoo. Wengi tunadhani anawika kwa kuona mwanga, ndiyo maana watu huziba banda kwa turubai. Haitoshi. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, waliwaweka majogoo kwenye mwanga hafifu muda wote, na bado waliwika saa za mapambazuko zilipokaribia. Saa yake iko mwilini. Mwaka 2015 wakaonyesha jingine: kundini, mbabe ndiye huanza, wengine hufuata kwa vyeo vyao. Ukimwondoa, wa pili anashika nafasi. Kwa hiyo kumchinja mmoja kati ya watatu hakumalizi ugomvi.

Habari njema ni kwamba kwa nyama huhitaji jogoo mzima. Broila huchinjwa akiwa na wiki tano au sita, kabla hajajua kuwika. Majogoo wa chotara, kama Kuroila na Sasso, wauze mara tu wanapoanza kujaribu sauti. Matetea watataga bila jogoo, ila mayai hayo hayatatotoa. Broila ana kero yake lakini: harufu. Maranda yakilowa, jirani atarudi kwa mwenyekiti na shauri jipya.

Sisi tungemshauri bata wa kawaida, yule mwenye nyama nyekundu zenye vinundu usoni. Dume hana mlio wa maana, anatoa pumzi tu kama tairi linalovuja. Jike hulia kwa sauti ya chini. Usiangalie rangi, angalia uso, kwa sababu wapo bata wengine, uso wao umefunikwa manyoya, ambao majike yao hupiga kelele kutwa nzima. Ukiuziwa hao umerudi ulikotoka.

Dume la bata wa kawaida likilishwa vizuri hufikisha kilo nne au zaidi, jike karibu nusu yake. Jike hulalia mwenyewe, ila uwe na subira: siku 35, wakati kuku ni 21. Dume moja linatosha majike wanne au watano. Wanaruka, hivyo kata manyoya marefu ya bawa moja, la sivyo utawakuta kwenye bustani ya huyohuyo jirani. Bwawa si lazima. Beseni la kuzamisha mdomo mpaka puani linatosha. Lihamishe kila siku, maana palipo na bata na maji pana tope, na penye tope pana inzi.

Tunajua wapo wasiokula bata kwa kumwona mchafu. Anayezurura mitaroni, kweli. Ukimfungia ukampa pumba, majani na mabaki ya jikoni, ni habari nyingine. Kumnyonyoa ndiyo kazi, hilo hatukufichi.

Kanga mwache kabisa kama nyumba zimebanana: paka akipita tu, mtaa mzima utajua. Bata bukini naye ni mlinzi kuliko kitoweo. Bata mzinga dume hujibu kila kelele anayoisikia, hata honi ya bodaboda. Kware ana mlio mkali ila mdogo, tatizo ni kwamba mmoja ni tonge mbili.

Kabla hujalipa, nenda kwa muuzaji alfajiri, simama nje ya uzio wake, usikilize.