Mutoto anapumua vibaya? Hesabu kwanza, kisha angalia moto wa nyumba

Ndugu wachimbaji, na ninyi bamama,

Kitinda mimba wetu alikuwa na wiki tatu. Usiku mumoja hapa Bunia bibi yangu akaniamsha: «Papa, mutoto ameacha kupumua!» Tukawasha tochi ya simu. Akavuta pumzi haraka haraka, akatulia kidogo, akaanza tena. Asubuhi, munganga wa kituo cha afya akatuuliza swali moja: «Mulihesabu?» Hatukuhesabu. Tuliogopa tu.

Siku ile nilijifunza. Mutoto muchanga hapumui kama sisi. Akiwa muzima anapumua mara 30 mpaka 60 kwa dakika, tena anaweza kusimama sekunde 5 mpaka 10, kisha anaendelea. Hiyo si ugonjwa, na kwa kawaida inaisha kabla ya miezi sita. Aliyezaliwa mbele ya wakati ndiye anasimama zaidi, maana ubongo wake haujazoea kuongoza pumzi. Huyo lazima baganga bamufuate.

Hesabu akiwa ametulia, dakika nzima, ukiangalia tumbo. Kama hajatimiza miezi miwili na anafika 60 ao zaidi, hesabu tena. Ikirudia vile, kimbia kituo cha afya. Usingoje asubuhi pia kama kifua kinaingia ndani, anaguna kila pumzi, ulimi unakuwa wa bluu, anakataa ziwa, mwili unawaka ao umekuwa baridi, ao anasimama sekunde 20. Inaweza kuwa pneumonia, maambukizo ya damu, malaria, ao moyo wenye kasoro ya kuzaliwa. Kwa macho tu hauwezi kujua ni gani, na dawa ya majani haitakuambia.

Lakini kuko sababu moja yenye sisi baba tunaileta wenyewe. Huko Mongbwalu, Nizi, Kobu, mutu anapata dhahabu yake imeshikana na zebaki, ile tunaita merkiri. Anaogopa wezi, anaingia nayo nyumbani, anaichoma kwenye mbabula ya jikoni. Merkiri ikipata moto inageuka mvuke. Hauna harufu, macho hayauoni, na unachoma mapafu. Ndani ya masaa machache mutoto anaweza kuanza kukohoa na kutweta. Wenye kubaki unashika ukuta, blanketi na nguo.

Makala nayo ni vilevile. Usiku wa baridi tunafunga mulango, mbabula iko ndani. Gazi yake inaua mutu mukubwa, sembuse mutoto.

Kwenye sendika tunadai mambo mengi kwa wakubwa wa machimbo. Hili hatuna wa kumudai, ni letu. Merkiri ichomwe nje, mbali na nyumba na watu, ndani ya retorte yenye kufungika inayokamata mvuke. Nguo za kazi zivuliwe kabla ya kubeba mutoto. Na ukifika kwa munganga, sema wazi kama nyumbani kulichomwa merkiri. Usione haya. Asipojua, atatafuta mikrobe wakati adui ni mvuke.

Wetu, munganga alimupima, akasema ni muzima. Usiku uliofuata alisimama tena kidogo. Safari hii tulihesabu: 44. Tukalala.